Dozi moja, vinasaba tofauti: kwa nini dawa inayomponya mmoja humharibu mwingine ini

#1 Mfamasia wa Kata

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Wagonjwa wawili wa kifua kikuu wanaanzishiwa dawa siku moja. Uzito wao unalingana, vidonge ni vilevile vyenye dawa nne ndani: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Ikifika wiki ya tano, mmoja kikohozi kimekata na mwili umeanza kurudi. Mwenzake hali chakula, anatapika, macho yamekuwa ya njano. Akicheleweshwa anaanza kulala mchana na kukesha usiku, anachanganya majina ya watoto wake. Hapo sumu ambazo ini lilipaswa kuzisafisha zimeshafika kwenye ubongo.

Mtaani maelezo huwa tayari: alikuwa anakunywa pombe kwa siri, alimeza vidonge kupita kiasi, ana mkono wa mtu. Nimekaa dirisha la dawa na kliniki ya TB muda wa kutosha kujua kwamba maneno haya huwaumiza watu ambao hawakukosea chochote. Wapo wanaofuata kila walichoelekezwa na bado ini linaharibika. Sehemu ya jibu iko kwenye vinasaba walivyozaliwa navyo, na hilo ndilo nataka tulijadili leo.

Kwanza tuelewane. Ini kushindwa ghafla maana yake ni hii: mtu ambaye hakuwa na ini bovu, ndani ya wiki zisizozidi 26 tangu aanze kuugua, damu yake inashindwa kuganda vizuri (kipimo cha INR kinafika 1.5 au zaidi) na akili inaanza kuvurugika. Si kila mwenye macho ya njano yuko huko. Wengi wanaodhuriwa na dawa, ini hupona lenyewe dawa ikisimamishwa mapema. Daktari wa Marekani, Hyman Zimmerman, ndiye aliyetuachia kipimo tunachokitumia mpaka leo: dawa ikipandisha ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia) zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, na bilirubini (rangi inayoleta njano) nayo ikapita mara 2, pasipo sababu nyingine, basi takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi atafariki au atahitaji kupandikizwa ini. Kwa nchi zetu, ambako ini jipya ni jambo la kuota tu kwa familia nyingi, kipimo hicho kinatisha zaidi.

Kuna dawa zinazoumiza ini kwa wingi wa dozi. Mfano ni parasetamoli. Ndani ya dozi sahihi ni salama, mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku. Akimeza nyingi kwa mpigo, mwili unatengeneza sumu iitwayo NAPQI kuliko glutathioni iliyopo ya kuituliza, na chembe za ini zinakufa. Yeyote akimeza nyingi anaweza kuumia. Nchini Marekani hiyo ndiyo inayoongoza kusababisha ini kushindwa ghafla, karibu nusu ya wagonjwa wote.

Halafu kuna kundi la pili, ambalo linaninyima usingizi: dawa zilizotolewa kwa dozi sahihi, kwa ugonjwa sahihi, na zikamwangusha mtu mmoja kati ya mamia au maelfu. Hapa vinasaba vina sauti kubwa.

Chukua isoniazidi. Ilianza kutumika kwa wagonjwa wa TB mwaka 1952, majaribio ya mwanzo yakifanyika Hospitali ya Sea View, New York. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba watu hawaiondoi mwilini kwa mwendo mmoja. Mwaka 1960 Price Evans na wenzake walipima familia nzima nzima wakaonyesha kuwa mwendo huo unarithiwa. Leo tunajua kinasaba chenyewe: kinaitwa NAT2, kipo kwenye kromosomu ya 8, na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachoibadilisha isoniazidi iweze kutoka. Ukirithi nakala dhaifu kutoka kwa baba na nyingine dhaifu kutoka kwa mama, wewe ni mvunjaji wa taratibu, yaani mwili wako unaivunja dawa hii polepole.

Kinachotokea ndani ya ini kinafanana na mizani ya malori barabara kuu. Mizani ikienda haraka, malori yanapimwa na kuondoka. Ikienda polepole foleni inarefuka, na baadhi ya madereva wanaanza kukata njia za vichakani. Isoniazidi inavunjwa na kutoa kitu kiitwacho asetilihidrazini. NAT2 ikiwa na nguvu inaimalizia ikawa kitu kisicho na madhara. Ikiwa dhaifu, asetilihidrazini inarundikana, na kimeng'enya kingine, CYP2E1, kinaichukua na kuigeuza sumu inayoshambulia chembe za ini. Pombe ya kila siku huamsha CYP2E1, ndiyo maana tunasisitiza mgonjwa wa TB aache kunywa. Lakini asiyewahi kuonja pombe maishani naye anaweza kuumia kama NAT2 yake ni dhaifu.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui: miaka ya 1970 baadhi ya watafiti waliamini kinyume, kwamba wavunjaji wa haraka ndio walio hatarini. Tafiti zilizofuata, hasa baada ya kinasaba chenyewe kuanza kupimwa moja kwa moja, zikaonyesha wa taratibu ndio wanaoumia zaidi.

Japani mwaka 2013 walichapisha jaribio lililonigusa sana. Wagonjwa wa TB waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dozi ya kawaida ya isoniazidi, la pili likapewa dozi kulingana na NAT2 ya kila mtu: wavunjaji wa taratibu takriban miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, wa kati miligramu 5, wa haraka miligramu 7.5. Miongoni mwa wavunjaji wa taratibu waliopewa dozi ya kawaida, asilimia 78 walipata madhara ya ini. Waliopunguziwa dozi, hakuna hata mmoja aliyepata. Hao wa taratibu ni wachache Japani, kwa hiyo idadi ya watu ilikuwa ndogo, lakini tofauti ya namna hiyo huwezi kuipita kimya.

Sasa sisi. Asia ya Mashariki wavunjaji wa taratibu ni kama mmoja kati ya kumi. Ulaya ni nusu au zaidi. Misri ni wengi mno. Afrika kusini mwa Sahara inabadilika kutoka jamii moja hadi nyingine, na tuna nakala dhaifu ya kwetu, NAT2*14, ambayo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Kipimo kilichotengenezwa kwa kutazama damu ya Wazungu peke yao kinaweza kuipita nakala hiyo na kumwandika mgonjwa wetu "wa haraka" ilhali siye.

Hiyo ni upande wa kuvunja dawa. Upande wa pili ni kinga ya mwili, kwenye vinasaba vya HLA. Hivi huamua chembe za kinga zitaonyeshwa nini na zitakichukulia kama adui au la. Mwaka 2009 Ann Daly na wenzake wa Uingereza walionyesha kuwa mwenye HLA-B*57:01 akitumia fluklosasilini, aina ya antibayotiki, hatari yake ya kuumia ini ni takriban mara 80 ya asiyekuwa nayo. Amoksisilini yenye klavulaneti, ambayo wengi mnaiita Augmentin, nayo ina HLA zake: DRB1*15:01 na A*02:01. Na Septrin, ambayo ndugu zetu wengi wenye VVU wameitumia miaka na miaka, utafiti wa Marekani wa 2021 uliihusisha na HLA-B*14:01 kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Wamarekani Weusi ikawa HLA-B*35:01. Dawa moja, madhara yaleyale, alama tofauti kwa asili tofauti. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tudai tafiti zifanyike kwetu.

Jambo la mwisho kwa leo ni ukali. Kuna kinasaba kinachoanzisha tatizo, na kuna kinachoamua ini likishaumia litainuka au litazama. Chembe za ini zina protini mbili, keratini 8 na keratini 18, zinazoshikilia umbo la chembe na kuisaidia kustahimili pigo. Mwaka 2010 timu ya Pavel Strnad na Bishr Omary ilichunguza mamia ya wagonjwa walioshindwa ini ghafla Marekani. Mabadiliko kwenye vinasaba vya keratini hizo yalikutwa mara nyingi zaidi kwao kuliko kwa watu wazima wa afya, na waliokuwa nayo walikuwa na nafasi ndogo ya kupona bila kupandikizwa. Na tena, aina za mabadiliko zilitofautiana kati ya Weusi na Weupe.

Nawakaribisha. Maswali, nyongeza, kupinga, vyote karibu.

#2 Bint Mlalo

Asante sana kaka mfamasia. Nimesoma huku moyo unaenda mbio. Mama yangu yuko wiki ya tatu ya dawa za TB. Mkojo wake una rangi nyekundu tangu siku ya kwanza. Je, ndiyo ini?

#3 Mfamasia wa Kata

Dada, pole kwa hofu na mpe mama pole. Mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu tangu siku za mwanzo ni rangi ya rifampisini yenyewe. Hata machozi na jasho vinaweza kubadilika rangi. Hiyo haina shida.

Rangi ya mkojo kwa anayetumia rifampisini inaweza kutuchanganya, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mtoe mama nje mchana, mvute kope la chini na utazame weupe wa jicho. Muulize kuhusu hamu ya kula. Dalili za mwanzo kabisa kwa kawaida ni kuchoka kusiko kwa kawaida, kichefuchefu kisichokata, kukataa chakula ambacho jana alikipenda, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Njano huja baadaye. Mwili kuwasha na choo kuwa cheupe kama majivu navyo ni vya kuripoti.

Akipata njano au akitapika mfululizo, asimeze dozi ya siku hiyo na aende kliniki siku hiyohiyo akiwa na vidonge vyake mkononi. Asisubiri tarehe ya kadi. Na ukiona anachanganya maneno, mikono inatetemeka akiinyoosha, au fizi zinatoka damu, hiyo ni hospitali kubwa sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

#4 Kisiki cha Mpingo

Mkuu nimekuelewa ila naona unatuthibitishia tunachosema siku zote. Hizi dawa za viwandani ni kemikali. Babu zetu walitumia mizizi na majani na ini halikuwasumbua. Mimi natumia vya asili peke yake na nina afya.

#5 Nesi Mstaafu

Mwanangu Kisiki, nakuheshimu na miti ya babu zetu naiheshimu, maana nyingine imeokoa watu. Lakini nimelaza wagonjwa wodini miaka mingi na nakuambia kwa uchungu: ini halina uwezo wa kutambua kama kitu kimetoka kiwandani au porini. Linavunja chochote kinacholetwa na damu. Nimehudumia vijana waliokuja na macho ya njano baada ya kunywa dawa ya mizizi kwenye chupa isiyo na jina, na hatukujua hata tuanzie wapi kwa sababu hakuna aliyeweza kutueleza ndani mna nini. Mirungi nayo, inayotafunwa kwa saa nyingi kila siku, imeripotiwa na madaktari wa Uingereza kwa vijana wa Kisomali walioumia ini vibaya.

Mfamasia nisaidie hapa, niliwahi kusikia kwamba hata hivyo vya asili vina kinasaba chake.

#6 Mfamasia wa Kata

Ni kweli mama, na asante kwa kuja kwenye uzi. HLA-B*35:01, ileile niliyoitaja kwenye Septrin kwa Wamarekani Weusi, ndiyo iliyokutwa kwa wingi kwa watu walioumizwa ini na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, vinavyouzwa kama dawa ya kupunguza mwili. Ikakutwa tena kwa walioumizwa na vidonge vya manjano, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe zaidi. Sizungumzii manjano ya kwenye pilau, mpishi aendelee. Nazungumzia vidonge vilivyokolezwa ambavyo mtu anameza kila siku kwa miezi.

Kaka Kisiki, nakuomba jambo moja tu: siku ukiumwa, mtaje daktari kila ulichokunywa, mizizi pia. Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa, na daktari anabaki anatafuta mchawi kwenye dawa ambayo haikuhusika.

#7 Kisiki cha Mpingo

Hilo la kumweleza daktari nimelipokea.

#8 Darubini

Habari wanajamvi. Mimi ni mtu wa maabara, nimefanya kazi za vinasaba. Mleta uzi ameeleza vizuri, ila nataka nizuie matumaini yasiyo na msingi kabla watu hawajaanza kuuza viwanja wapime HLA.

Kitu kinaweza kuongeza hatari mara 80 na bado kisifae kupima watu wote. Fluklosasilini huumiza ini la watu wachache sana kati ya laki moja wanaoitumia. Zidisha mara 80 na bado, kati ya watu 500 hadi 1,000 wenye HLA-B*57:01 watakaoitumia, ni takriban mmoja atakayepata tatizo. Ukiwanyima wote dawa umewanyima mamia ili kumlinda mmoja, na dawa utakayowapa badala yake nayo ina hatari zake. Linganisha na abakavia, dawa ya VVU. Hapo HLA hiyohiyo inatabiri mzio mkali kwa kiwango ambacho kupima kabla ya kuanza dawa ni utaratibu wa kawaida Ulaya na Marekani. Kinasaba kimoja, dawa mbili, maamuzi mawili tofauti. Kwetu Afrika Mashariki HLA-B*57:01 yenyewe ni adimu kwa jamii nyingi, ingawa si zote.

NAT2 ni habari nyingine kabisa. Wavunjaji wa taratibu ni wengi, isoniazidi inatumiwa na watu wengi mno, na suluhisho si kumnyima mgonjwa dawa bali kurekebisha dozi. Mimi ningeweka fedha ya nchi hapo kabla ya pengine popote.

Na kuna mfano wetu wenyewe ambao naona haujatajwa. Efavirenzi. Kabla ya dolutegravia kuingia, ndiyo iliyokuwa mhimili wa ARV. Inavunjwa na CYP2B6, na nakala dhaifu *6 ni ya kawaida sana kwa Waafrika. Watafiti wa Muhimbili, wa Addis Ababa na wa Karolinska kule Uswidi waliwafuatilia wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia, wakachapisha 2013. Kwa dozi moja, Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi damuni kuliko Waethiopia, hata ukiwalinganisha wenye CYP2B6 ya aina moja. Na kwa wagonjwa wa Ethiopia, nakala *6 pamoja na kiwango kikubwa cha dawa damuni vilihusishwa na kuumia ini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Waafrika wanavunja dawa hivi", mwulize Mwafrika yupi. Bara hili lina tofauti nyingi za vinasaba kuliko mabara mengine yote, na mradi wa H3Africa wa kuchunguza vinasaba vya Waafrika, ulioanza 2012, ulikuja kwa sababu hiyo hasa.

#9 Mfamasia wa Kata

Darubini, asante sana mkuu. Hesabu ya mara 80 nilipaswa kuisindikiza na maelezo hayo hayo, umenikamilishia.

Nikazie la efavirenzi na TB pamoja. Mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili anameza rundo la dawa zinazopita kwenye ini moja, na bado ana Septrin. Njano ikitokea, kumpata mhusika ni kazi ngumu. Ethiopia wamekuta pia HLA-B*57 kwa wagonjwa wa namna hiyo walioumia ini, chapisho la 2017. Wagonjwa hawa ndio ningependa wapimwe ini kabla ya kuanza dawa na katika wiki za mwanzo, hata kama hawana dalili.

#10 Mwana wa Unguja

Assalaam alaykum. Huku kwetu malaria tunatibiwa kwa artesuneti na amodiakwini. Kuna mzee aliwahi kusema amodiakwini iliwahi kupigwa marufuku kwa sababu ya ini. Ni kweli, na ina kinasaba?

#11 Darubini

Wa alaykumu salaam. Mzee wako ana kumbukumbu nzuri. Miaka ya 1980 wasafiri wa Ulaya waliokuwa wanaimeza kila wiki kama kinga walipata homa ya ini na upungufu mkubwa wa chembe nyeupe za damu, wengine wakafa. Ikaondolewa kwenye matumizi ya kinga kwa wasafiri. Kuitumia kwa siku tatu kama tiba ni jambo jingine, na Zanzibar mmeitumia kwa pamoja na artesuneti tangu 2003.

Kinasaba kipo: CYP2C8 ndicho kinachoivunja. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika hukohuko Zanzibar kwa wagonjwa wa malaria, na nakala dhaifu CYP2C8*2 ilikutwa kwa takriban asilimia 14 ya nakala zote zilizopimwa. Maana yake si kwamba watu hao wataumia ini. Maana yake ni kwamba dawa inakaa kwao muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni vema isimezwe ovyo kila homa inapopanda bila kupima malaria.

#12 Baba wa Wawili

Samahani naingilia kati. Mtoto wangu ana kifafa, ana umri wa miaka minne, ameandikiwa sodiamu valproeti. Nimesoma mtandaoni inaua ini la watoto. Nimpe nisimpe?

#13 Mfamasia wa Kata

Mkuu, nimekusikia kama mzazi. Usiikatishe ghafla peke yako, maana degedege linaloweza kufuata ni hatari ya leo hii.

Unachosoma kina ukweli. Valproeti inaweza kushindisha ini, na walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka miwili, hasa wanaotumia dawa zaidi ya moja za kifafa. Kuna kinasaba kinachojulikana wazi, POLG, kinachohusika na mitokondria, zile sehemu za chembe zinazotengeneza nguvu. Mtoto mwenye POLG yenye kasoro akipewa valproeti, ini linaweza kuanguka vibaya. Kasoro hiyo ni adimu, na onyo lake limeandikwa kabisa kwenye maelezo ya dawa Marekani.

Mwambie daktari haya bila kusubiri: kama mtoto alianza kukua vizuri kisha akarudi nyuma, akapoteza maneno au kutembea, kama kifafa chake ni cha mfululizo kisichosikia dawa, kama kuna ndugu yake aliyefariki mdogo kwa degedege au kwa ini. Mojawapo likiwepo, daktari anaweza kuchagua dawa nyingine. Hakuna hata moja? Mtoto aendelee, apimwe ini, nanyi mtazame kutapika, usingizi usio wa kawaida, na degedege kurudi bila sababu alipokuwa ametulia.

#14 Baba wa Wawili

Hakuna hata moja kati ya hayo. Mungu akubariki. Jumatatu tuna kliniki, nitauliza kipimo cha ini.

#15 Msomaji Kimya

Mimi nina VVU, nimeanzishiwa isoniazidi ya kinga miezi sita pale CTC, kliniki ya VVU. Baada ya uzi huu nimeweka vidonge kabatini. Bora TB ambayo sina kuliko ini ninalolihitaji.

#16 Nesi Mstaafu

Mwanangu, vitoe kabatini. Nimewaona waliofariki kwa TB juu ya VVU, na ni wengi kuliko wote niliowaona wakifa kwa ini la isoniazidi. TB ndiyo inayoongoza kuua watu wenye VVU. Kama hunywi pombe, huna homa ya ini B au C, na hukuwa na dalili, kinga hiyo inakufaa. Kameze na vitamini B6 uliyopewa. Ukianza kuchukia chakula, nenda CTC.

#17 Mfamasia wa Kata

Nakazia ya mama. Sikuandika uzi huu ili mtu aache dawa. Kwa mtu anayeanza kinga, swali la kumwuliza mtoa huduma ni: nimeshapimwa homa ya ini B? Homa ya ini B ni ya kawaida huku kwetu, na mwenye nayo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi, iwe NAT2 yake ni ya haraka au ya taratibu. Kipimo chake kinapatikana na ni cha haraka. Cha NAT2 hukipati kwenye vituo vyetu vya kawaida, kwa hiyo tuanze na kilichopo.

#18 Ngosha

Wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Kaka yangu alipata njano mwezi wa pili wa dawa za TB. Walisimamisha zote. Njano imeisha, anakula vizuri. Sasa wanataka kumrudishia zilezile moja moja, na yeye amegoma, anasema wanamjaribia. Mimi pia sielewi kwa nini arudishiwe kilichotaka kumuua.

#19 Mfamasia wa Kata

Pole sana Ngosha, na afadhali walisimamisha kwa wakati. Hawamjaribii. Bila kumaliza matibabu TB itarudi, na inaweza kurudi ikiwa sugu. Zile nne hazina hatari sawa kwa ini. Ethambutoli ni nadra sana kuligusa. Pirazinamidi ndiyo inayoogopwa zaidi, isoniazidi inafuata, na rifampisini huwa hatari zaidi ikiwa pamoja nazo.

Utaratibu unaofuatwa ni huu. Wanasubiri ALT ishuke chini ya mara mbili ya kawaida. Kama TB yake ilikuwa kali, wakati wa kusubiri hupewa dawa nyingine zisizolemea ini ili vimelea visipate nafasi. Kisha inarudi rifampisini na ethambutoli. Baada ya siku kadhaa wanapima damu. ALT ikiwa imetulia inaongezwa isoniazidi, wanapima tena. Dawa itakayoipandisha ndiyo itakayoachwa, na matibabu yanapangwa upya bila hiyo. Ndiyo maana wanaleta moja moja, wapate kuijua iliyomdhuru.

Mwende naye kliniki mkamwulize daktari maswali mawili. La kwanza, atapimwa damu siku zipi baada ya kila dawa kurudi. Aandikiwe tarehe kwenye kadi. La pili, kama njano yake ilikuwa kali, je, pirazinamidi itarudishwa kabisa, au wataiacha na kuyapeleka matibabu hadi miezi 9? Wengi waliokuwa na njano kali hawarudishiwi hiyo tena.

#20 Ngosha

Nimemsomea yote kwa simu. Amekubali kwenda kesho asubuhi, nitaongozana naye. Ya pirazinamidi nimeiandika kwenye karatasi ili tusiisahau.